Fida ya Mashine ya Mashoto

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya milango. Leo nina hasira, na hasira nisipoitoa inanipanda kichwani, kwa hiyo milango itanisamehe.

Kaka yangu kaponea chupuchupu. Karakana kwetu tuna mashine moja kubwa ya kuchonga kingo za mbao. Kisu kinazunguka katikati ya meza ya chuma, wewe unausukuma ubao kwa mikono upite mbele yake, na ukitokea upande wa pili una umbo ulilotaka. Marehemu baba alimwachia kaka mashine hiyo, akaniachia mimi karakana yenyewe na maneno yake yote. Kaka anatumia mkono wa kushoto, na mtaa mzima unamwita Mashoto, mkewe akiwemo. Miaka kumi na moja amesukuma mbao pale, na vidole vyote kumi anavyo. Mafundi wenzake wanamwonea wivu kwa hilo.

Asubuhi kipande kifupi kilimponyoka, kidole gumba kikateleza hadi kwenye kisu. Kisu kimechukua ngozi na nusu ya kucha. Hakupiga kelele. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la mbao, mkono ameufunga tambara, anautazama.

"Hata hauumi," akaniambia.

Nikajua anajikaza tu, wanaume ndivyo walivyo. Tuna milango arobaini na minane ya wodi mpya ya wazazi, na mkandarasi anaitaka kabla Aprili haijaisha. Nimemwambia kaka kwamba hakuna ubao mwingine utakaosukumwa kwa mkono humu. Nanunua fida. Ni chombo chenye mota yake na magurudumu ya mpira, kinafungwa kwenye mkono wa chuma juu ya meza, kinaubana ubao na kuusukuma chenyewe. Mtu anaukabidhi tu, mikono yake inabaki mbali na kisu.

Akasema, "Sawa, bosi." Akisema bosi ujue hakubali.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Maneno yangu yaliingia sikio hili yakatokea la pili. Kaka anasukuma kwa mkono kama jana na juzi, tambara kidoleni. Mvua ilipochachamaa juu ya bati akazima mashine, akaenda kukaa barazani.

"Umeme utakatika," akasema. Umeme haukukatika.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa muuza mashine. Mtu wa maneno mengi, miwani kaipandisha kwenye kipara, anakupa kiti kabla hujasema shida yako. Ana fida mbili. Kubwa ina magurudumu manne, ndogo ina matatu.

"Dada, kubwa ndiyo ya kazi," akaniambia. "Hii ndogo ni ya watu wa kujifurahisha nyumbani."

Nikarudi moyo wangu umeshaamua kubwa. Wakati wa chakula nikawaeleza Mama na kaka. Kaka akasema hataki hata moja.

"Kwa nini?"

"Ikikaa pale juu ya meza, sitaiona mikono yangu."

Nikacheka. "Si ndiyo maana ya kuinunua? Mikono yako haitakuwa na kazi pale."

Yeye hakucheka. Mama akatuambia tule kwanza, tutagombana tukishashiba. Tulishiba, hatukugombana, na hilo lilinisumbua zaidi maana kaka nimjuaye mimi habakizi neno. Baadaye alisimama mlangoni kwangu akasema, "Kama lazima ununue, chukua kipande chetu kifupi kuliko vyote, uende nacho dukani."

"Cha nini?"

"Utaona mwenyewe."

Jumatano, 13 Machi

Wifi alikuja asubuhi kaka alipokwenda kuchagua mbao. Mke huyu wa kaka hana tabia ya kulalamika, kwa hiyo alipovuta kiti nilijua kuna jambo.

"Wifi, kaka yako siku hizi vikombe vinamponyoka. Jana kimevunjika cha tatu tangu mwezi uanze. Vifungo vya shati namfunga mimi. Nikimuuliza anafanya utani, eti anataka ahudumiwe kama bwana harusi."

Nikamuuliza moja kwa moja kama amerudia pombe. Mwaka aliofariki baba, kaka alikunywa sana, na sote tulikiona cha moto.

"Sijasikia harufu," akasema, akainamisha macho.

Sasa nimepata picha. Kuzima mashine mara kwa mara, kukaa barazani kimya, vikombe. Kama anakunywa na bado anasimama mbele ya kile kisu, Mungu atunusuru.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Mashine imezimwa saa nne mpaka saa tisa. Milango mitatu tu tangu wiki ianze.

Jumatatu, 18 Machi

Nilikwenda dukani na kipande cha mbao mkobani, urefu sentimita ishirini, nikijiona kichekesho. Nikakiweka chini ya fida kubwa na kumwomba muuza mashine aiwashe. Gurudumu la kwanza likakishika, likakisukuma, likakiachia. La pili lilikuwa mbali mno, halijakifikia. Kikasimama katikati, mahali hasa ambapo kwetu kungekuwa na kisu.

"Hapo fundi wako angefanya nini?" nikamuuliza.

"Angekisogeza kidogo na kidole," akasema. Kisha akajisikia mwenyewe, akashusha miwani machoni.

Ndogo magurudumu yake yamekaribiana. Kipande kilipita bila kusita, mara tatu. Nimenunua ndogo. Lazima nikiri kwamba kaka anajua mengi kuliko muuza mashine na mimi tukichanganywa pamoja, tatizo ni kwamba kusema anaona kama kazi ya ziada.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Mbao zimevimba. Kaka na mimi tunaongea vipimo tu.

Jumanne, 26 Machi

Leo lazima niandike.

Fundi wa kufunga mashine alifika saa tatu. Kwanza ilibidi atoboe matundu manne kwenye meza ya chuma ili mguu wa fida ukae. Kaka alisimama pembeni akitazama keekee ikiingia kwenye meza aliyoipaka nta kwa miaka kumi na moja. Alikunja uso kila tundu. Tundu la tatu akatoka nje.

Alipokuwa nje ndipo fundi aliponiuliza kama mashine yetu inazunguka kama nyingine zote. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu mimi mashine nyingine sijawahi kufanyia kazi. Nimekulia kando ya hii moja. Naona zote ziko hivi.

Haziko hivi; kwa nyingine ubao huingia kulia ukatokea kushoto. Baba alipoona mtoto wake ana mashoto, alimwita fundi umeme abadilishe nyaya za mota ili kisu kizunguke kinyume, kaka aweze kuingiza ubao kwa kushoto. Hilo nalijua tangu nikiwa msichana. Nalijua sana, ndiyo maana sikulikumbuka.

Fundi akaiweka fida isukume kutoka kulia. Akawasha mashine, akawasha fida, akakabidhi ubao mwembamba wa majaribio. Kaka aliingia mlangoni wakati huo huo. Nilimwona akifungua mdomo. Kisu badala ya kuupinga ubao kiliuvuta, ukachomoka chini ya magurudumu ukaruka upande wa kushoto, ukapita mbele ya tumbo la kaka na kutoboa bati la ukuta. Nusu yake imebaki nje hadi sasa, mvua inaunyeshea.

Hakuna aliyeumia. Fundi alikaa chini akaomba maji. Kaka alizima kila kitu, taratibu, kitufe kimoja kimoja. Nilimngoja anigombeze, nilitaka anigombeze.

"Kosa langu," akasema. "Nilipaswa kuwepo."

Jumatano, 27 Machi

Fida ina swichi ya kurudisha nyuma magurudumu. Fundi kaigeuza, kahamisha mguu, kaielekeza ibane ubao kwenye kiegemeo, kile chuma kirefu cha nyuma yake, kutoka upande wetu. Safari hii kaka alisimama hapo mwanzo hadi mwisho na kuuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria. Mbao kumi zimepita, zote laini kama zimepigwa msasa.

Bati la ukuta nimeliziba kwa kipande cha ubao.

Jumanne, 2 Aprili

Milango mitano kwa siku mbili. Kaka anaikabidhi fida mbao, mimi nazipokea upande wa pili. Leo alipiga mluzi. Jua limewaka kutwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua ilirudi saa sita, na kaka akazima mashine.

Nikamwambia, "Mikono yako haipo tena karibu na kisu. Fida ndiyo inayosukuma. Umeme upo. Sasa sababu ni nini?"

"Kelele hizi siwezi."

"Kelele za mvua?"

Nikamsogelea, nikasema nililokuwa nimelibana wiki tatu. Nikamuuliza anakunywa wapi, na nani, na tangu lini. Wapiga msasa wetu wawili wakainamia kazi zao kama hawana masikio. Kaka alinitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira usoni kwake. Niliona kama mtu anayepiga hesabu.

"Basi na iwe pombe," akasema, akaenda barazani.

Nimeandika hapa ili nisijidanganye baadaye: niliposikia hivyo nilifurahi kuwa nimepatia.

Jumamosi, 6 Aprili

Mkandarasi kapiga simu mara mbili. Imebaki milango ishirini na sita.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ilianza kabla hatujafungua. Juu ya bati ilikuwa inanguruma, mkitaka kusemezana lazima mpeane sikio. Kaka alivaa aproni akakaa kwenye rundo la mbao, mikono magotini. Nikasimama mbele yake mbele ya wapiga msasa wote wawili.

"Kama si pombe, washa mashine."

Hilo ndilo neno langu. Sitalifuta.

Akainuka, akawasha. Mimi nikaenda upande wa kupokea. Ubao wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Anauegemeza ubao kwa kushoto, anausogeza mpaka gurudumu la kwanza liushike, halafu anautazama mkono wake na kuuondoa. Nililiona hilo leo kwa mara ya kwanza, kwamba anautazama mkono kabla ya kuuondoa, na kwamba ili auone inambidi ainame, maana mwili wa fida unamziba. Nikaona ni madoido yake. Ubao wa nane, wa tisa. Mvua ikazidi.

Ubao wa kumi na kitu hakuinama. Alikuwa ameinua uso anaangalia bati, kama mtu anayetafuta sauti fulani ndani ya ile ngurumo. Ubao ulikuja kwangu. Nikauinamia kuushika, na kupitia uwazi ulioko chini ya fida nikaona mkono. Ulikuwa bado juu ya ubao. Gurudumu la kwanza lilikuwa limeshapanda vidole viwili, limevibana kwenye mbao na linavipeleka mbele. Navyo vilikwenda, bila kuvuta, bila kushtuka, kama vidole vya mtu aliyelala.

Sijui nilifikaje kwenye swichi. Magurudumu yalisimama. Kisu kiliendelea kuzunguka, kile huchukua muda kusimama, na kati ya kisu na kidole cha kati cha kaka yangu palikuwa na upana wa kiganja changu. Nimepima leo jioni, nimeweka kiganja pale.

Kaka akashusha uso, akaniangalia, vidole vyake bado viko chini ya gurudumu.

"Mbona umezima?" akauliza.

Jumanne, 9 Aprili

Ameniambia yote. Tulikaa karakana tukiwa tumefunga milango, wapiga msasa nimewapa mapumziko ya siku moja.

Ganzi ilianza mwaka jana mwezi wa kumi na moja, kwanza kwenye ncha za vidole, ikapanda. Sasa vidole vitatu vya kushoto na viwili vya kulia havisikii chochote. Akishika kikombe hajui kama kipo mpaka akione. Kwenye mashine alikuwa anafanya kazi kwa macho na masikio. Kwa macho anajua mkono uko wapi. Kwa sauti ya kisu anajua ubao umefika wapi.

"Mvua ikipiga bati, sikio linakufa," akasema. "Nabaki na macho. Halafu ukaniletea fida, ikanifunika mikono."

Nikakumbuka chakula kile, na kicheko changu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniondoa kwenye mashine."

"Ningekuondoa, ndiyo."

"Basi umejijibu."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kulia kwa sauti kama mtoto. Mwezi mzima nimekwenda na kurudi dukani nikiuliza magurudumu mangapi, kasi gani, mota ina nguvu kiasi gani, na mwenye mikono yumo humu ndani sikumuuliza mikono yake ikoje. Nilimwita mlevi mbele ya watu. Nilimwamuru awashe.

"Uliniachia niseme pombe," nikamwambia.

"Mlevi anaweza kuacha, akarudi kazini," akasema.

Wifi alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Aliingia, akauchukua mkono wa kushoto wa mumewe akaubana kwa nguvu zake zote, akimtazama usoni. Kaka akatikisa kichwa kwamba hapana. Wifi akaendelea kuubana hivyo hivyo.

Ijumaa, 12 Aprili

Daktari kasema mtetemo wa mashine umeharibu mishipa ya fahamu, na mmoja umebanwa ndani ya kifundo cha mkono. Apumzike miezi sita, huenda akapasuliwa. Kaka akauliza kama vidole vitarudi. Daktari akasema vingine hurudi. Hakuahidi.

Kwa wapiga msasa wote wawili nimesema kwamba kaka hanywi, hajanywa, na mimi ndiye niliyekosea. Mmoja akasema walijua. Sikuuliza walijua lipi.

Jumatatu, 15 Aprili

Imebaki milango ishirini na mitatu na siku kumi na tano. Mafundi wawili niliowatafuta wa kushika mashine wamekataa walipoona inazunguka kinyume. Nimemwambia Mama nitaishika mimi. Mama akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Jumatano, 17 Aprili

Nilifika nikamkuta fundi umeme anafunga kisanduku cha nyaya. Kaka alikuwa amesimama naye. Amegeuza kisu mwenyewe, kwa kutazama kila bolti kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Amegeuza swichi ya fida, amehamisha mguu.

"Sasa ubao unaingia kulia," akaniambia. "Wewe si mashoto."

Nikasema ningejifunza ilivyokuwa. Akasema mashine si kumbukumbu ya baba, haihifadhiwi. Akaandika mshale kwa chaki juu ya meza, upana wa meza nzima, kuonyesha ubao unakokwenda. Chaki ilimteleza vidoleni, mshale ukapinda, akaufuta akauchora upya.

Alhamisi, 18 Aprili

Mbao sita tu. Kaka anasimama upande wa kupokea, anaangalia mikono yangu kupitia uwazi wa chini. Gurudumu likishashika ubao anasema, "Achia." Naachia. Tukapumzika. Tukarudi.

Jumamosi, 20 Aprili

Mbao arobaini. Nimemwota anasema achia.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemkasirikia. Nilikuwa nimeshaachia kabla hajasema, na bado akasema. Nikamwambia mimi vidole vyangu vinasikia. Lilitoka kabla sijalizuia. Ubao uliofuata ulipoingia akasema vile vile, kwa sauti ile ile. "Achia."

Jumatatu, 29 Aprili

Milango miwili ya mwisho, na mvua kubwa kuliko zote za msimu huu. Kaka ilimbidi apige kelele ili nimsikie. Ubao wa kwanza, achia. Wa pili, achia. Wa tano, wa sita, sauti imeanza kumkauka. Vilibaki vile vipande vifupi, ambavyo ndivyo ninavyoviogopa. Nikakabidhi cha kwanza, gurudumu likakishika, nikaachia, nikangoja sauti yake. Haikuja. Nikadhani mvua imeimeza. Nikakabidhi cha pili, nikaachia, kimya. Nikainua macho.

Alikuwa amenipa mgongo. Anapanga mbao ukutani kwa viganja na viwiko, taratibu, hageuki. Nikachukua kipande cha tatu.